Sponji Nyeusi na Sponji ya Waridi: Kinga ya Vyombo vya Elektroniki dhidi ya Umeme Tuli

Chombo cha elektroniki kinapowasili Ruponda huwa kimekwisha kusafiri safari ndefu. Kimetoka kiwandani, mara nyingi katika Bara la Asia, kimevuka bahari na kushushwa Dar es Salaam. Kisha kimevuka mto Rufiji kwa Daraja la Mkapa, lililofunguliwa mwaka 2003, kikafika mkoa wa Lindi na kupandishwa bara hadi Nachingwea au Ruangwa, kikitikiswa njia nzima ndani ya sanduku lake. Anayelifungua sanduku hilo hutazama kile alichokinunua: kidhibiti cha umeme wa jua, bodi ya mizani ya ghala la korosho, kompyuta ya shule, au chipu ya kutengenezea simu. Kile kipande cha sponji nyeusi au ya rangi ya waridi kilichokizunguka hutupwa nje, watoto wakakichezea, au hupelekwa jikoni kusugulia masufuria. Makala haya yanahusu kipande hicho.

Wengi hudhani kwamba kazi ya sponji hiyo ni kuzuia kishindo tu, kama vile majani makavu yanavyowekwa kati ya mayai. Kazi hiyo inaifanya kweli. Lakini kama ingekuwa ndiyo kazi yake pekee, kipande cha godoro kingetosha, nacho ni rahisi kupatikana. Ukweli ni kwamba kuifunga bodi ya elektroniki katika kipande cha godoro ni miongoni mwa njia za hakika za kuiua, hasa katika miezi ya kiangazi. Ili kuelewa sababu yake, inatubidi tuanze mbali kidogo.

Wayunani wa kale walijua kwamba kaharabu ikisuguliwa kwa kitambaa huvuta vitu vyepesi. Habari hiyo huhusishwa na Thales wa Mileto, aliyeishi yapata miaka 600 kabla ya Kristo. Kwa lugha yao kaharabu iliitwa elektroni, na kutokana na jina hilo lugha nyingi za Ulaya zilipata neno lao la umeme. Sisi tunaotumia Kiswahili tunalo ushahidi wetu wenyewe. Neno kaharabu lina asili ya Kiajemi, na maana yake ni kitu kinachonyang'anya makapi ya majani makavu. Waarabu nao wamelifanya neno hilohilo kuwa jina la umeme. Pwani yetu haina kaharabu ya kweli, lakini ina ndugu yake, yaani sandarusi, ule utomvu wa miti ya kale uliochimbwa ardhini katika Mrima na kuuzwa Unguja katika karne ya 19 kwa ajili ya kutengeneza vanishi. Sandarusi nayo ni kihami kizuri. Ikisuguliwa kwa kitambaa kikavu hushika chaji.

Kinachotokea katika msuguano huo ni hiki. Vitu viwili vya aina tofauti vinapogusana kisha kuachana, baadhi ya elektroni huhama kutoka kimoja kwenda kingine. Kilichopoteza elektroni hubaki na chaji chanya, na kilichozipokea hupata chaji hasi. Kama vitu hivyo ni vipitishi na vimeungana na ardhi, elektroni hurudi mahali pake mara moja wala hatuoni kitu. Lakini kama ni vihami, chaji hukwama pale ilipo kwa muda mrefu. Kwa sababu haitiririki, huitwa umeme tuli. Plastiki ya mifuko, nailoni, nguo za polista na sponji ya godoro vyote ni vihami vya namna hiyo. Ngozi na nywele zetu hutoa elektroni kwa urahisi. Plastiki nyingi huzipokea. Ndiyo maana kitana cha plastiki kikipita katika nywele kavu huvuta vipande vya karatasi.

Chaji hizi ni ndogo sana, na hapo ndipo fikira za watu hupotea. Volti zake ni nyingi mno, lakini nishati yake ni haba. Mwili wa mtu aliyesimama juu ya kitu kisichopitisha umeme hufanya kazi kama kapasita ndogo, na wahandisi wamekubaliana kuuhesabu kuwa na kapasitansi ya pikofaradi 100 na ukinzani wa omu 1,500. Tuseme mtu huyo amepata volti 3,000, kiasi ambacho kwa kukadiria ndicho cha chini kabisa ambacho mtu huweza kuhisi kama mchomo wa sindano kidoleni. Nishati aliyonayo ni nusu ya kapasitansi mara volti kipeo cha pili, yaani jouli 0.00045. Nishati hiyo inalingana na kazi ya kuinua punje moja ya karanga yenye uzito wa nusu gramu kwa sentimita 9. Nachingwea ilipata kujulikana duniani kwa karanga wakati wa ule mpango mkubwa wa Waingereza ulioanza mwaka 1947 na kuvunjika mwaka 1951. Basi mwanafunzi wa huko na aichukue punje moja, aiinue kidogo kutoka mezani, na hapo ameshika nishati yote ya umeme tuli tunaouzungumza.

Nishati ya punje moja inawezaje kuharibu chombo chenye thamani ya mamia ya maelfu ya shilingi? Jibu limo katika udogo wa mahali inapopigia.

Mafundi redio wa zamani walifanya kazi kwa transista za aina ya kwanza, ambazo mkondo wake hupita katika tabaka za nusu-kipitishi zilizogusana. Transista hizo zilistahimili mengi. Fundi aliweza kuzihifadhi katika kopo la plastiki, akazichagua kwa vidole vikavu na kuzilehemu bila wasiwasi. Lakini mwaka 1960 Mohamed Atalla, mhandisi aliyezaliwa Port Said nchini Misri, pamoja na Dawon Kahng wa Korea, walionyesha katika maabara za Bell nchini Marekani transista ya namna nyingine. Katika transista hii sehemu inayotawala mkondo, iitwayo lango, haigusani na nusu-kipitishi. Kati yao kuna utando mwembamba wa oksidi ya silikoni, yaani kioo. Lango hufanya kazi kwa nguvu ya chaji peke yake. Ubunifu huo ndio uliowezesha kukusanya transista nyingi katika chipu moja, na leo karibu kila chombo tunachokitumia, kuanzia simu hadi kidhibiti cha umeme wa jua, kinategemea transista za aina hiyo.

Katika chipu za miaka ya 1970 utando huo ulikuwa na unene wa takriban nanomita 100, yaani kama sehemu moja ya elfu ya unene wa unywele. Oksidi ya silikoni hutoboka inapobebeshwa takriban volti moja kwa kila nanomita. Basi volti 100 zilitosha kuutoboa utando ule. Chipu za siku hizi zina utando mwembamba zaidi, wa nanomita chache tu. Linganisha na zile volti 3,000 za kidole. Lango la transista lina kapasitansi ndogo kuliko ya mwili, na kwa hiyo chaji ya mwili inapolifikia hulipandisha karibu hadi volti zilezile za mwili. Kioo hutoboka, tundu dogo lisiloonekana kwa macho hupatikana, na lango hushikana na kile kilichokuwa chini yake. Mambo yote hayo humalizika katika muda ulio mfupi kuliko sehemu moja ya milioni ya sekunde.

Haki itendeke hapa kwa wale mafundi wanaosema kwamba wameshika chipu kwa mikono mitupu miaka mingi na hazikufa. Watengenezaji huweka ndani ya chipu diodi za ulinzi karibu na kila mguu, ambazo hupitisha chaji pembeni kabla haijafika langoni. Kwa sababu ya diodi hizo, chipu nyingi huweza kustahimili pigo la volti elfu moja au mbili kutoka katika mwili wa mtu. Pia chipu iliyokwisha kulehemewa katika bodi ina njia nyingi za kuipunguzia chaji. Kwa hiyo si kila mguso unaua. Lakini zingatia mambo mawili. La kwanza, pigo la volti elfu moja halihisiwi na mtu. Fundi anaweza kuipiga chipu mara kumi kwa siku asijue. La pili, ambalo kwa maoni ya mwandishi ni baya zaidi, ni kwamba chipu haifi palepale kila mara. Utando unaweza kudhoofika tu. Chombo hufanya kazi, fundi hulipwa, mteja huondoka. Baada ya wiki au miezi chombo huzimika, na lawama huangukia jua, radi, au uduni wa mali iliyoletwa. Hakuna anayekumbuka siku ile bodi ilipotolewa katika mfuko wa plastiki.

Sasa tuje kwenye hali ya hewa, maana hapo ndipo Ruponda inapoingia katika fizikia. Hewa yenye unyevu huweka utando mwembamba wa maji juu ya kila kitu, nao utando huo, pamoja na chumvi kidogo zilizoyeyuka ndani yake, hupitisha chaji taratibu mpaka zikaisha. Hewa kavu haina msaada huo. Kitabu cha mwongozo kilichotolewa na Wizara ya Ulinzi ya Marekani mwaka 1980 kilieleza volti zinazoweza kupatikana katika hali mbili: hewa yenye unyevu wa asilimia 10 hadi 20, na hewa yenye unyevu wa asilimia 65 hadi 90. Mtu anayetembea juu ya sakafu ya plastiki aliweza kupata volti 12,000 katika hewa kavu, na 250 tu katika hewa yenye unyevu. Mfuko wa kawaida wa plastiki ulioinuliwa kutoka mezani ulifikia volti 20,000 katika hewa kavu na 1,200 katika hewa ya unyevu. Na kiti kilichojazwa sponji ya poliurethani, ambayo ni jamaa ya sponji ya magodoro yetu, kilifikia volti 18,000 katika hewa kavu na 1,500 katika hewa ya unyevu.

Tarakimu za hewa kavu kabisa ni za vyumba vinavyopashwa moto wakati wa baridi katika nchi za kaskazini, na haifai kuzihamisha hivihivi hadi kusini mwa Tanzania. Wakati wa mvua, tangu mwishoni mwa mwaka hadi Aprili, hewa yetu iko karibu na ile tarakimu ndogo. Lakini kuanzia Juni hadi Oktoba mvua hukoma, majani hukauka, vumbi hupanda, na alasiri za bara hukauka kuliko za pwani. Hapo tunasogea upande wa tarakimu kubwa, ijapokuwa hatuzifikii. Tena tazama tarakimu za hewa ya unyevu: mfuko wa plastiki bado unatoa volti 1,200 na sponji volti 1,500. Masika hupunguza hatari, lakini haiondoi.

Kila mwalimu wa fizikia anayajua majira hayo kwa njia nyingine. Majaribio ya umeme tuli hufaulu vizuri mwezi wa Agosti na Septemba, na katika mwezi wa Februari jani la elektroskopu huanguka kabla somo halijaanza. Miezi ile jaribio linapomfurahisha mwalimu ndiyo miezi ambayo bodi iliyo wazi juu ya meza iko hatarini zaidi. Tena mwezi wa Oktoba, mwishoni mwa kiangazi, ndipo korosho zinapoanza kuletwa maghalani na mizani za kielektroniki zinapotakiwa zifanye kazi bila kusimama.

Tumefika sasa kwenye sponji yenyewe. Ile nyeusi ni poliurethani au polithini iliyotiwa povu kama sponji yoyote, lakini kabla haijaumuka imechanganywa na masizi ya kaboni, yaani unga mweusi laini sana unaopatikana kwa kuchoma mafuta au gesi katika hewa haba. Kaboni ya namna hiyo hupitisha umeme. Chembe zake zikiwa chache ndani ya plastiki hazigusani, na sponji hubaki kihami. Zikiongezwa, hufika kiasi fulani ambapo ghafla zinaungana mnyororo kwa mnyororo, kama watu wanaopitishiana ndoo kutoka kisimani: akikosekana mmoja katikati, maji hayafiki, safu ikitimia, yanafika. Hapo ukinzani wa sponji hushuka maelfu ya mara.

Jambo hili linapaswa kuwavutia wakazi wa Ruangwa kuliko watu wengine, kwa kuwa ardhi yao ina kaboni ya namna nyingine inayopitisha umeme. Hiyo ni madini ya kinywe, ambayo yameleta miradi ya uchimbaji wilayani humo, kama ule wa Chilalo na mgodi wa Lindi Jumbo. Katika kinywe atomi za kaboni zimejipanga katika tabaka bapa, kila tabaka likiwa na umbo kama la sega la nyuki, na umeme hupita vizuri kandokando ya tabaka hizo. Soko lake kubwa siku hizi ni betri za lithiamu. Sponji nyeusi kwa kawaida hutengenezwa kwa masizi, si kwa kinywe, kwa sababu masizi ni laini zaidi na huenea vyema katika plastiki. Lakini fizikia ya jinsi chembe zinavyoungana ni ileile. Penseli ya mwanafunzi nayo ni kinywe kilichochanganywa na udongo wa mfinyanzi, kwa njia aliyoibuni Mfaransa Conté mwaka 1795.

Miguu ya chipu inapochomekwa katika sponji nyeusi, yote huunganishwa pamoja na kuwa na volti sawa. Kumbuka kwamba kinachotoboa utando wa lango ni tofauti ya volti kati ya lango na sehemu nyingine ya chipu. Kama miguu yote inapanda na kushuka pamoja, tofauti hiyo haipatikani, hata kama chipu nzima imepata volti elfu moja. Ndege aliyetua juu ya waya mmoja wa umeme hupona kwa sababu hiyohiyo.

Msomaji anaweza kuuliza: je, karatasi ya alumini isingefanya kazi hiyo vizuri zaidi, maana ukinzani wake ni mdogo sana? Kwa kuunganisha miguu ya chipu moja tu, inafaa. Lakini chuma kina hila yake. Chipu ikiwa imeshika chaji kwa kusuguana na plastiki, kisha mguu wake mmoja ukagusa chuma, chaji yote humwagika mara moja kupitia mguu huo, na mkondo huwa mkubwa kwa muda mfupi sana. Ni kama kuvunja ukingo wa bwawa badala ya kufungua bomba. Kwa hiyo wataalamu wamegawa vifaa katika makundi kwa ukinzani wa uso wake. Chini ya omu 10,000 ni vipitishi. Kuanzia omu 100,000,000,000 kwenda juu ni vihami. Na katikati kuna vile vinavyotawanya chaji taratibu. Hivi vya katikati ndivyo hupendelewa mahali popote ambapo kitu chenye chaji kinaweza kutua.

Sponji ya rangi ya waridi ni jambo jingine kabisa, wala isichanganywe na ile nyeusi. Haina kaboni. Ndani yake kuna dawa ya jamii ya sabuni, ambayo molekuli zake hupanda polepole hadi usoni pa plastiki na kuvuta unyevu kutoka hewani. Maji hayo ndiyo yanayopitisha chaji. Rangi ya waridi yenyewe haifanyi kazi yoyote. Ni alama tu, na mtu anaweza kuitia rangi hiyo sponji isiyo na dawa. Hapa ndipo udhaifu wake unapoonekana: inategemea unyevu wa hewa, nao unyevu hupungua katika msimu uleule tunapohitaji kinga zaidi. Isitoshe, dawa hiyo huisha kwa miaka na kwa joto, na chini ya paa la bati joto si haba. Sponji ya waridi iliyokaa stoo miaka mitano haina budi kutiliwa shaka. Kazi yake halali ni kuzuia chaji isizaliwe kwa msuguano wakati wa safari. Haiwezi kuizuia chaji inayotoka nje ya sanduku.

Kwa kazi hiyo ya pili kuna mfuko wenye rangi ya fedha. Kati ya tabaka zake za plastiki kuna utando mwembamba sana wa alumini. Mwaka 1836 Michael Faraday alionyesha huko London kwamba mtu aliyekaa ndani ya chumba kilichozungushiwa kipitishi hadhuriwi na chaji zilizo nje, kwa kuwa chaji hubaki juu ya uso wa nje. Mfuko wa fedha ni chumba hicho kilichofanywa kidogo. Lazima ufungwe mdomo, na ukichanika kinga yake hupungua. Wapo wanaoweka bodi juu ya mfuko huo badala ya ndani yake, wakidhani wameilinda. Chumba cha Faraday hakimsaidii aliyekaa juu ya paa lake.

Mwalimu anaweza kuyaonyesha mengi ya haya kwa vifaa vya bei ndogo. Chukua kipande cha sponji nyeusi kutoka duka la fundi simu, ambako aghalabu hutupwa, na kipande cha godoro la zamani chenye ukubwa uleule. Chomeka ncha mbili za multimita katika kila kimoja, zikiwa mbali kwa sentimita moja. Kwenye godoro mita haitasoma kitu. Kwenye sponji nyeusi itasoma ukinzani, pengine kiloomu chache, pengine mamia ya kiloomu, kulingana na wingi wa kaboni. Kisha mwanafunzi mmoja aibonyeze sponji kwa ubao mdogo, si kwa vidole, ili ukinzani wa mwili usiingie. Tarakimu itashuka, kwa sababu chembe za kaboni zinasogezwa karibu na njia mpya za mkondo zinafunguka. Darasa likiongeza uzito juu ya ubao hatua kwa hatua na kuchora grafu ya ukinzani dhidi ya uzito, litakuwa limejitengenezea mizani ya kielektroniki isiyo sahihi sana, lakini ya kweli. Mstari mzito wa penseli laini uliochorwa juu ya karatasi unaweza kupimwa hivyohivyo: urefu ukiongezwa mara mbili, ukinzani unakaribia kuongezeka mara mbili.

Kwa sponji ya waridi multimita haifai. Ukinzani wake ni mkubwa kuliko uwezo wa mita ya kawaida, na mwanafunzi atadhani ni kihami sawa na godoro. Hapo itumike elektroskopu. Chupa ya kioo iliyokauka, waya wa shaba uliopitishwa katika kizibo cha plastiki, na vipande viwili vyembamba vya karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara vinatosha. Utie elektroskopu chaji kwa rula ya plastiki iliyosuguliwa, majani yafunguke. Halafu uguse kichwa cha waya kwa kila kitu kwa zamu, ukikishika mkononi upande wa pili. Sponji nyeusi huyaangusha majani papo hapo. Godoro kavu huyaacha wazi. Sponji ya waridi, kama dawa yake ingali hai, huyashusha polepole, na muda wake unaweza kupimwa kwa saa. Jaribio hilo lirudiwe kwa kipande kilekile katika mwezi wa Machi na katika mwezi wa Septemba, na matokeo yaandikwe katika daftari la maabara. Hapo darasa litakuwa na kipimo chake lenyewe cha mchango wa hewa ya Ruponda.

Yasalia maneno machache ya matumizi. Kabla ya kuigusa bodi, fundi au mwalimu aguse kwanza chuma kilichoungana na ardhi, ili chaji ya mwili wake iende huko. Mafundi wa viwandani huvaa ukanda wa mkononi wenye waya unaokwenda ardhini kupitia ukinzani wa omu milioni moja. Ukinzani huo usiondolewe kamwe. Ikitokea mkono ukagusa waya wa volti 230, mkondo utakaopita katika ukanda ni miliampea 0.23 tu, usioweza kumdhuru mtu. Pasipo ukinzani huo ukanda ni kitanzi cha mauti. Bodi yenye betri ndogo ya kuhifadhi saa au kumbukumbu isilazwe moja kwa moja juu ya sponji nyeusi wala juu ya karatasi ya alumini, kwa kuwa mkondo utapita humo na kuimaliza betri. Itiwe kwanza katika mfuko wa kutawanya chaji.

Mwisho, sponji nyeusi haidumu milele. Poliurethani huharibiwa polepole na joto na unyevu. Baada ya miaka hulainika, hunata kama ubani uliotafunwa, na hatimaye huwa unga. Mabaki yake hula miguu ya chipu na kuifanya iwe na kutu ya kijani. Chipu za akiba zilizohifadhiwa katika sponji tangu miaka mingi zikaguliwe kila mwaka, ikiwezekana mara baada ya masika. Sponji inayoacha weusi kidoleni au isiyorudi ikibonyezwa ibadilishwe, na miguu ya chipu isafishwe kwa spiriti kabla ya kuchomekwa katika kipande kipya.